Miaka ya Katikati: Nani Ambebe Mkulima Anayeusubiri Udongo?

Swali lililozaa makala hii niliulizwa nikiwa nimepiga magoti shambani, mkono mmoja umeshika bomba la chuma la kuchukulia udongo na mwingine ukifuta jasho. Wakati huo kazi yangu ilikuwa kukusanya sampuli kwa ajili ya mradi mmoja uliowahimiza wakulima waache kuitifua ardhi kila msimu, wayaache mabua shambani baada ya mavuno na wapande miti ya kurutubisha udongo katikati ya mistari ya mazao. Mama aliyekuwa akililima shamba lile, mtu wa makamo aliyenisikiliza kwa adabu karibu saa nzima, alinitazama nikitia udongo mfukoni na kuuandika namba, kisha akasema: “Mwanangu, umeniambia faida nitaiona mwaka wa nne au wa tano. Basi miaka hii ya katikati nani atanibeba?”

Nilianza kumweleza habari za rutuba, unyevu na viumbe wadogo wa ardhini, nikatambua katikati ya maneno yangu kwamba hilo hakuliuliza. Udongo wake aliuelewa, pengine kunizidi mimi. Alichotaka kujua ni nani atakayeshika mzigo tangu siku atakapoiacha njia ya zamani hadi siku njia mpya itakapoanza kumlipa, na mradi ulionituma haukuwa umeliandika jambo hilo popote.

Tangu siku ile nimesoma sera nyingi za kilimo rafiki kwa tabianchi, za nchi tajiri na za nchi maskini, na kila ninapoifungua moja hutafuta ukurasa unaomjibu mama yule. Mara nyingi siupati. Nakuta malengo ya mwaka 2030 na 2050, nakuta ahadi za mafunzo, nakuta picha za viganja vilivyojaa udongo mweusi, lakini miaka ya katikati imerukwa kana kwamba mkulima hulala mwaka wa kwanza na kuamka mwaka wa tano. Maoni yangu, ambayo nitayatetea hapa kwa urefu, ni kwamba kilimo kinachohifadhi kaboni ardhini kinakwamishwa na pengo hilo kuliko kinavyokwamishwa na uhaba wa elimu au wa zana, na kwamba kuliziba ni kazi ya hazina ya umma na ya sheria, kwa kuwa sehemu kubwa ya faida yake huwaendea watu wote, wakiwemo ambao hawajazaliwa.

Kwanza nieleze kinachotokea ardhini, maana sera isiyojua hilo hulipa pasipostahili. Mmea huvuta kaboni dioksidi kutoka hewani na kwa nguvu ya jua huigeuza kuwa sukari. Sehemu ya sukari hiyo hujenga majani na shina, na sehemu nyingine hushuka mizizini, ambako kiasi fulani huvujia kwenye udongo na kuliwa na bakteria na kuvu. Viumbe hao wanapokufa, mabaki yao hushikamana na chembe za mfinyanzi au hufichwa ndani ya vibonge vidogo vya udongo, na huko kaboni inaweza kukaa miongo mingi, hata karne, ili mradi hakuna kinachoivuruga. Jembe la plau huvivunja vibonge hivyo, huingiza hewa na kuwapa vijidudu karamu ya ghafla. Vijidudu hula, hupumua, na kaboni iliyochukua miaka kujengeka hurudi angani. Mvua ya nguvu ikiangukia ardhi tupu huikokota ile sehemu iliyobaki, kwa sababu mboji hukaa juu, palepale mmomonyoko unapoanzia.

Udongo wa dunia, kwa kuhesabu kina cha mita moja tu, unakadiriwa kushika takriban tani bilioni 1,500 za kaboni, kiasi kikubwa kuliko kaboni yote iliyomo katika anga. Makadirio ya watafiti yanaonyesha kwamba tangu binadamu aanze kulima, kiasi cha miaka 12,000 iliyopita, ardhi imepoteza zaidi ya tani bilioni 100 za kaboni yake. Tarakimu hizo mbili ndizo zilizowavuta watunga sera: ya kwanza inaonyesha ukubwa wa ghala, ya pili inaonyesha nafasi iliyo wazi ndani yake. Tarehe 1 Desemba 2015, wakati wa mkutano wa tabianchi mjini Paris, Ufaransa ilizindua mpango uitwao “nne kwa elfu moja”, uliopendekeza kwamba kaboni ya udongo iongezwe kwa asilimia 0.4 kila mwaka. Miaka miwili baadaye mazungumzo ya tabianchi ya Umoja wa Mataifa yakaanzisha, kwa jina la Koronivia, mkondo rasmi wa kazi uliohusu kilimo. Mpaka wakati huo suala la udongo lilikuwa limekaa mlangoni mwa mazungumzo hayo kwa miaka mingi, likitajwa na kupitwa.

Ghala hili lina masharti yake, na mtu anayeipenda kazi hii hana budi kuyasema. Udongo hujaa. Mkulima akibadilisha namna yake ya kulima, kaboni huongezeka kwa kasi mwanzoni, kisha kasi hupungua hadi ardhi ifikie usawa mpya. Hesabu za kimataifa kwa kawaida huchukulia kwamba safari hiyo ni ya miaka 20 hivi, ingawa katika maeneo ya baridi huwa ndefu zaidi. Kilichokusanywa kwa miaka hiyo yote kinaweza kuanza kupotea kwa msimu mmoja wa kutifua. Tena mboji haijengwi kwa kaboni peke yake: kila tani ya kaboni inayotulia udongoni huandamana na takriban kilo 80 za nitrojeni, na nitrojeni hiyo isipotoka kwenye jamii ya mikunde au samadi hutoka kwenye mfuko wa mbolea, ambayo utengenezaji wake huchoma gesi na matumizi yake hutoa naitrasi oksidi, gesi yenye nguvu kubwa sana ya kuipasha dunia joto. Kwa hiyo hakuna serikali inayoweza kuendelea kuchoma makaa ya mawe kwa kisingizio cha mashamba. Ninayasema haya kwa uzito kwa sababu nimeona ahadi zilizokuzwa kupita kiasi zikiwavunja moyo wakulima, na mkulima aliyekwishavunjwa moyo hufunga mlango kwa mgeni anayefuata.

Hata kwa masharti hayo, faida ni ya kweli. Uchambuzi wa majaribio mengi uliochapishwa mwaka 2015 ulikuta kwamba mazao yanayopandwa kwa ajili ya kufunika ardhi kati ya misimu huongeza wastani wa tani 0.32 za kaboni kwa hekta kila mwaka. Kiasi hicho ni kidogo ukikitazama katika shamba moja, lakini ni kikubwa kikizidishwa kwa mamilioni ya hekta, na kinakuja na mambo ambayo mkulima huyaona kwa macho yake: maji hunywea haraka zaidi, ukame huchelewa kuuma, udongo hauondoki na mafuriko. Miti iliyochanganywa na mazao huhifadhi zaidi, kwa kuwa hujenga kaboni chini na juu ya ardhi kwa wakati mmoja.

Sasa nirudi kwenye pengo. Mkulima anapoacha kutifua, magugu huongezeka mwaka wa kwanza na wa pili, maana plau ndiyo iliyokuwa ikiyafukia. Anapoyaacha mabua shambani, vijidudu vinavyoyaozesha hunyakua nitrojeni iliyomo udongoni, na mazao machanga huweza kugeuka manjano mpaka uozeshaji ufike mbali. Mabua yenyewe yalikuwa na kazi nyingine. Yalilishwa mifugo, yaliwashwa jikoni au yaliuzwa, na kuyaacha chini ni kuacha mapato. Mti wa kurutubisha udongo hutaka miaka mitatu au minne kabla haujaanza kurudisha kitu, na wakati huo unachukua nafasi, unataka ulinzi dhidi ya mifugo na unataka kupogolewa. Mkopeshaji, kwa upande wake, huangalia mavuno ya mwaka jana. Kila moja ya gharama hizi ina tarehe iliyo karibu, na kila moja ya faida ina tarehe iliyo mbali, na mwenye akiba ndogo hawezi kulivuka pengo hilo hata kama ameshawishika kabisa. Ndiyo maana huwa nasikitika ninaposoma taarifa zinazowaita wakulima “wagumu wa kubadilika”. Wengi wao wamepiga hesabu, na hesabu yao ni sahihi.

Pengo haliko sawa kila mahali, na wakati mwingine linazibwa bila fedha nyingi. Mfano ninaourudia mara kwa mara ni Niger. Sheria zilizorithiwa kutoka enzi ya ukoloni ziliuhesabu mti kuwa mali ya serikali, hata uliootea katikati ya shamba la mtu, na mkulima aliyeukata bila kibali aliweza kutozwa faini. Katika hali hiyo hekima ilikuwa kuung’oa mche ukiwa bado mdogo, kabla haujawa mti wa serikali. Kuanzia miaka ya 1980, katika maeneo ya Maradi na kwingineko kusini mwa nchi, wakulima walianza kuvitunza visiki hai: chini ya mashamba yaliyoonekana matupu kulikuwa na mizizi na visiki vilivyochipua kila mwaka na kukatwa kila mwaka, na kilichohitajika ni kuchagua machipukizi machache, kuyapogoa na kuyaacha yakue. Maafisa misitu walipolegeza mkono na wakulima wakaanza kuiona miti kuwa yao, kazi ile ilienea kijiji kwa kijiji, na kwa muda wa kama miongo miwili ikafika takriban hekta milioni tano, zenye miti inayokadiriwa kuwa milioni 200. Sheria ya misitu ya mwaka 2004 ilikuja wakati mabadiliko mengi yalikuwa yamekwisha kutokea.

Ninachojifunza hapo ni kwamba kisiki hai hakina miaka mingi ya katikati. Hakuna mche wa kununua, hakuna shimo la kuchimba, na matawi ya kwanza ya kuni hupatikana mapema. Gharama kubwa ilikuwa hofu, na hofu huondolewa kwa kubadilisha sheria na kwa maafisa kubadilisha mwenendo wao. Kabla serikali yoyote haijatenga fedha za kaboni, ningependa iisome upya sheria yake ya misitu, ya ardhi na ya mbegu, na ijiulize ni kifungu gani kinachomwadhibu mkulima kwa jambo lilelile inalotaka alifanye.

Mahali pengine pengo ni pana, na hapo fedha haikwepeki. Katika jimbo la Paraná, kusini mwa Brazili, mvua za miaka ya 1960 na 1970 zilikuwa zikiyafagia mashamba yaliyolimwa kwa plau. Mwaka 1972 mkulima aitwaye Herbert Bartz, wa Rolândia, alianza kupanda bila kutifua baada ya kwenda kuitazama njia hiyo Marekani. Majirani walimshangaa, kisha wakaja kutazama, na mwaka 1979 wakulima wa Ponta Grossa wakaunda chama walichokiita Klabu ya Nyungunyungu, cha kubadilishana uzoefu kuhusu mashine, magugu na mazao ya kufunika udongo. Watafiti wa serikali walifanya kazi bega kwa bega nao. Ni baada ya miongo mitatu ya kazi hiyo ya chini kwa chini ndipo serikali ya shirikisho, mwaka 2010, ilipotangaza mpango wa kilimo chenye utoaji mdogo wa kaboni, maarufu kwa herufi ABC, uliolenga mwaka 2020. Mpango huo ulikusudia kufufua hekta milioni 15 za malisho yaliyochakaa, kuongeza hekta milioni 8 za kilimo kisichotifua udongo na hekta milioni 4 za mashamba yanayounganisha mazao, mifugo na miti, na chombo chake kikuu kilikuwa mkopo wa riba nafuu wenye muda mrefu wa kurejesha na kipindi cha nafuu kabla ya marejesho kuanza.

Kile kipindi cha nafuu ndicho ninachokipenda katika mpango wote. Mtu aliyekiandika alijua kwamba malisho yaliyopandwa upya hayalipi mwaka wa kwanza. Hata hivyo sitaki kuupamba mpango ule kuliko unavyostahili. Mikopo yake ilikuwa sehemu ndogo sana ya mikopo yote ya kilimo nchini humo, kiasi kwamba fedha zilizoendelea kugharamia kilimo cha kawaida zilizidi mno zile zilizogharamia mabadiliko. Na katika kipindi hichohicho misitu iliendelea kukatwa, na kaboni ya msitu mmoja uliofyekwa haifidiwi upesi na malisho yaliyofufuliwa jirani yake. Mkopo pia hauwafai wote. Mwenye hekta elfu moja huweza kuubeba. Mwenye hekta moja huogopa kuipoteza, na woga wake ni wa haki. Kwake ruzuku ya moja kwa moja, au bima inayomhakikishia mavuno ya kiwango fulani katika miaka mitatu ya mwanzo, ni msaada ulio salama zaidi.

Kuna njia ya tatu, inayopendwa sana siku hizi, nayo ni kumlipa mkulima kwa kila tani ya kaboni iliyothibitishwa kuingia ardhini. Australia imekwenda mbali katika hili kuliko nchi nyingi. Sheria yake ya mwaka 2011 inampa mwenye ardhi hati moja kwa kila tani ya kaboni dioksidi iliyohifadhiwa au kuepushwa, na inamtaka achague kuilinda kaboni hiyo kwa miaka 25 au 100. Anayechagua 25 hukatwa asilimia 20 ya hati zake, na asilimia 5 nyingine huwekwa kando kwa miradi ya aina hii kama kinga iwapo ukame au moto utairudisha kaboni angani. Naiheshimu sheria hiyo kwa sababu imeutazama wakati machoni. Wengi wanaouza kaboni ya udongo hawausemi kabisa.

Lakini mimi nimelishika lile bomba la chuma, na najua kilichomo kati ya shamba na hati. Kaboni ya udongo hutofautiana hatua kumi kutoka hapa hadi pale. Ukilichukulia shamba sampuli tano, umepata hadithi tano. Mabadiliko ya mwaka mmoja ni madogo kuliko tofauti hiyo ya kawaida, kwa hiyo huna budi kusubiri miaka mitano au zaidi kabla hujasema kwa uhakika kwamba kuna kilichoongezeka. Kuna pia mtego wa kina. Ukipima sentimita 30 za juu katika shamba lililotifuliwa, umepima udongo uliolegea. Ukirudi baada ya miaka mitano ya kutotifua, zile sentimita 30 zimeshikamana na zina udongo mwingi zaidi, na usipoupima uzito wa udongo kwa ujazo wake utaandika ongezeko ambalo halikutokea. Na pale ambapo plau imeachwa, sehemu ya kaboni inayoonekana imeongezeka juu inaweza kuwa ile ambayo zamani ilifukiwa chini, imebadilisha chumba tu.

Katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, Uingereza, jaribio la shamba la Broadbalk lilianza mwaka 1843 na linaendelea hadi leo, na sampuli za udongo wake zimehifadhiwa tangu karne ya 19. Ni kwa subira ya namna hiyo tulivyojua kwamba ardhi inayowekewa samadi kila mwaka huendelea kujenga mboji kwa zaidi ya miaka mia moja, huku kasi ikipungua siku hadi siku. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na kweli daftari linahitajika. Ninachopinga ni kulifunga daftari hilo shingoni mwa kila mkulima. Gharama ya kupima hekta moja kwa usahihi unaotakiwa na soko inaweza kuimeza thamani ya kaboni iliyomo, na hapo anayenufaika ni mpimaji na dalali. Zaidi ya yote, malipo ya tani huja baada ya kupima, yaani baada ya miaka ya katikati kwisha. Soko linamlipa aliyekwisha kuvuka mto, nalo halina habari na mtu aliyesimama ukingoni.

Ndiyo maana naona serikali inapaswa kulipia vitendo, na kupima matokeo kwa ngazi ya nchi. Kitendo huonekana: ardhi imefunikwa au haikufunikwa, miti ipo au haipo, na mengi ya hayo hukaguliwa kwa picha za satelaiti na kwa kutembelewa na afisa ugani. Malipo yatolewe kila mwaka, yawe mazito zaidi miaka ya mwanzo na yapungue taratibu kadiri udongo unavyoanza kujilipia wenyewe. Upimaji ufanywe na umma katika vituo vya kudumu vilivyotawanywa kitaalamu. Umoja wa Ulaya ulifanya hivyo mwaka 2009, ulipochukua sampuli katika takriban vituo 20,000 kwenye nchi 25, na ukarudia miaka iliyofuata. Kwa njia hiyo taifa linajua kama sera yake inafanya kazi, na mkulima mmojammoja haadhibiwi kwa ukame uliomkuta.

Watu huniuliza fedha zitatoka wapi. Zipo, na zinatumika leo kwa kazi iliyo kinyume. Ripoti iliyotolewa mwaka 2021 na mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na kilimo, ya maendeleo na ya mazingira ilikadiria kwamba serikali za dunia huwasaidia wazalishaji wa kilimo kwa karibu dola bilioni 540 kwa mwaka, na kwamba asilimia 87 ya msaada huo huvuruga bei au huharibu mazingira na jamii. Kosta Rika ilionyesha mlango mwingine: sheria yake ya misitu ya mwaka 1996 ilitumia sehemu ya kodi ya mafuta kuwalipa wenye ardhi wanaotunza miti, na baadaye malipo hayo yakaingia hadi kwenye mashamba yenye miti.

Kuhamisha fedha peke yake hakutoshi kama masharti ni laini. Umoja wa Ulaya, katika mageuzi ya sera yake ya kilimo ya mwaka 2013, ulitenga asilimia 30 ya malipo ya moja kwa moja kwa ajili ya mazingira. Wakaguzi wa hesabu wa Umoja huo wakaja kukuta, mwaka 2017, kwamba utaratibu ule ulibadilisha namna ya kulima katika takriban asilimia 5 tu ya ardhi ya kilimo, kwa kuwa sehemu kubwa ya wakulima walikuwa wakilipwa kwa waliyokuwa wakiyafanya tangu hapo. Kinyume chake ni Sri Lanka, ambako mwaka 2021 serikali ilipiga marufuku mbolea za kemikali karibu kwa usiku mmoja, mavuno yakaanguka, na marufuku ikaondolewa kabla mwaka haujaisha. Sera ile ilimtupa mkulima mtoni pasipo daraja, na imewapa hoja nzito wote wanaopinga kilimo cha kutegemea viumbe hai.

Jambo linaloniumiza zaidi ni pale serikali inapoanza vizuri kisha ikachoka. Marekani, baada ya dhoruba za vumbi za miaka ya 1930, ilitunga sheria ya kuhifadhi udongo mwezi Aprili 1935, na tangu mwaka 1937 ikajenga wilaya za uhifadhi, vyombo vya wenyeji ambavyo leo ni karibu 3,000. Mwaka 1985 ikaongeza programu ya kuikodi ardhi inayomomonyoka kwa mikataba ya miaka 10 hadi 15, mkulima akilipwa kila mwaka kuiacha katika nyasi au miti. Programu hiyo ilifika karibu hekta milioni 15 mwaka 2007. Kisha bei za nafaka zikapanda, mikataba ikaisha, na Bunge lenyewe likashusha kikomo cha eneo, hata miaka kumi baadaye zikabaki hekta zisizofika milioni 10. Mamilioni ya hekta yalirudi chini ya jembe, na sehemu ya kaboni iliyokuwa imelipiwa kwa fedha za umma ikaondoka nayo. Mkataba wa udongo unapokwisha katika mwaka wa bei nzuri, bila ngazi ya kumshusha mkulima polepole kutoka kwenye malipo, umma hujikuta ukinunua kitu kilekile mara mbili.

Nimelibakiza jambo moja kuhusu mama yule. Shamba alilolilima halikuwa lake. Alilikodi msimu kwa msimu. Karatasi ya mradi wetu ilikuwa na nafasi ya sahihi ya mwenye hati, na yeye hakuwa na hati. Mwaka wa tatu fedha za mradi ziliisha, mwenye ardhi akampa mtu mwingine, na trekta likaigeuza kwa asubuhi moja ardhi ambayo mama yule alikuwa ameifunika kwa miaka mitatu. Alihama na vifaa vyake. Rutuba yake ilibaki, na hakuna aliyemlipa.

Sheria iliwahi kulijua jambo hili. Uingereza mwaka 1875 ilipitisha sheria iliyompa mkulima mpangaji haki ya kufidiwa thamani ya maboresho aliyoyaacha ardhini alipoondoka, lakini wenye ardhi wengi waliikwepa kwa mikataba, kwa hiyo mwaka 1883 sheria nyingine ikaifanya fidia hiyo isikwepeke. Watafiti wa Rothamsted, Lawes na Gilbert, walitengeneza majedwali ya kukadiria ni kiasi gani cha mbolea na cha chakula cha mifugo kilichonunuliwa bado kilikuwa na thamani udongoni baada ya mwaka mmoja, miwili au zaidi, na wathamini waliingia mashambani na majedwali kama hayo kupiga hesabu. Leo tuna vipimo bora kuliko vyao. Kifungu cha aina hiyo katika sheria ya ardhi, kikiambatana na malipo ya kila mwaka yanayomfuata anayelima hata kama hati si yake, kingemfikia mama yule hata baada ya trekta kupita.